Ndege ya Mtumba

Ndiyo, ni ya mtumba. Maneno nimeshayasikia yote, kwamba Mama Kigoda kauza boti zake kanunua ndege iliyochakaa. Wengi wa waliokuwa wakicheka, makoti waliyovaa yalikuwa ya mtumba, na mashati, na sitaki kuendelea kushuka chini zaidi kwa sababu nina heshima zangu. Kitu cha mtumba ukijua kuchagua hakina tofauti na kipya, ila bei. Na mimi nilijua kuchagua. Au tuseme niliyemzaa ndiye aliyejua, maana ni ile ile.

Ni ndege ya kazi, siyo ya maringo. Ina injini moja puani na propela moja, na inakunywa mafuta ya jamii ya mafuta ya taa kama wanavyokunywa wenzake wakubwa wanaovuka bahari. Tumbo lake ni pana. Viti unaving'oa mara moja ukitaka kupakia magodoro, au mgonjwa wa machela. Lakini miguu yake ndiyo iliyoninyima usingizi tangu nilipoiona kwenye picha: mitumbwi miwili mirefu ya alumini chini ya tumbo, na kwenye kila mtumbwi magurudumu mawili yanayotoka na kuingia. Ikitaka inatua ziwani, ikitaka inatua uwanjani. Mimi mtu wa maji, nikaona kile ni chombo chetu kabisa, ila kimeota mabawa.

Sisi ni watu wa boti. Marehemu baba alituachia, mimi na mdogo wangu wa kiume, boti za abiria zinazozunguka visiwa. Huyo mdogo wangu binti yangu anamwita Mjomba, na siku hizi mji mzima unamwita hivyo hivyo, hata wazee wanaomzidi umri. Mimi ndiye bosi. Mjomba anapenda kusema tuko sawa, na mimi namwacha aseme. Sheria ya boti zetu ni moja, ya tangu enzi za baba: gatini hapapitwi. Ukiona mtu amesimama gatini anapunga mkono, hata awe mmoja, hata awe na kuku tu mkononi, unasogea unamchukua. Nahodha aliyempita mtu gatini nilimfukuza kazi, na alikuwa shemeji yangu.

Binti yangu amekulia kwenye sheria hiyo. Jina la Kigoda alipewa na mabaharia wetu, kwa sababu alianza kushika usukani kabla hajafikia kuona mbele, ikabidi asimame juu ya kigoda. Alipokua akasema anataka kurusha ndege. Wenye midomo wakasema yao, mimi nikalipa ada. Akasoma, akafaulu, akaajiriwa mjini kurusha ndege za watu. Kila alipokuja likizo alikuwa akikaa gatini anawatazama wagonjwa wa visiwani wakiteremshwa kwenye boti zetu baada ya safari ya kutwa nzima, wengine tumeshawafunika uso njiani. Siku moja akaniambia, "Mama, boti ni polepole mno." Tusi kubwa kuliko hilo sijawahi kutukanwa, na alikuwa anasema kweli.

Matroni wa hospitali yetu akasema tukileta ndege inayotua majini, wagonjwa wote wa visiwani ni wetu kuwabeba. Tukauza boti, tukabakiza moja tu ya kumbukumbu na mizigo. Sharti la watu wa bima ndilo lililokuwa mfupa kooni. Kigoda hajawahi kurusha ndege ya majini. Kwa hiyo rubani wa muuzaji, mzee aliyeirusha ndege hiyo hiyo kwa miaka mingi, amfundishe kwanza, kisha aje naye mpaka kwetu amekaa pembeni yake. Wakifika, mzee akitia sahihi, Kigoda ndiye rubani. Asipotia, hatuna rubani, na wa kuajiri kutoka mbali hatumwezi. Ndege isiyo na rubani ni banda la kuku la gharama kubwa.

Basi tukaenda kuiona. Ilikuwa ndani ya banda refu la mabati, sakafu imesafishwa unaweza kulia wali juu yake. Muuzaji alikuwa mtu wa manukato mengi na maneno mengi zaidi. Mjomba akaanza kupatana bei hata kabla macho hayajazoea giza la mle ndani.

"Ndugu yangu, hii imeshatumika. Punguza, tuongee kiutu uzima."

"Mzee, hiki si kitunguu."

"Kitunguu ningekinusa. Hii utaniambia ninuse wapi?"

Kigoda hakucheka. Alikuwa ameshavaa ovaroli. Yeye na fundi tuliyekwenda naye wakaingiza ndani ya injini kamera nyembamba kama mkia wa panya, wakatazama mapanga ya ndani moja moja mpaka shingo zikawauma. Kisha wakahamia kwenye mitumbwi. Kila mtumbwi umegawanywa vyumba vyumba, kila chumba na kizibo chake, na rubani mwenye akili hunyonya kila chumba kwa pampu ya mkono aone kama kinavuja. Kigoda alivinyonya vyote mwenyewe. Kimoja kikatoa maji kuliko wenzake. Muuzaji akasema ni umande.

"Umande wa ndoo nzima?" Kigoda akauliza, taratibu, kwa adabu zote nilizomfundisha.

Mshono ukazibwa upya kwa gharama ya muuzaji, na Mjomba akapata alichokuwa anakitaka kwenye bei. Hatukuja kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nilitembea kifua mbele mle bandani kama vile mimi ndiye niliyeshika pampu.

Na mimi nilifanya ukaguzi wangu. Nilivua viatu, nikapanda kwa mlango mkubwa wa mizigo, nikalala chali sakafuni mahali machela itakapokaa. Muuzaji akachungulia akaniambia viti vipo. Nikamwambia mgonjwa hakai kitini. Nilinyoosha miguu, nikajipima, nikaona mtu mwenye mwili kama wangu anaenea na muuguzi anapata pa kupiga magoti. Ila kulikuwa na taa ya dari inayochoma macho moja kwa moja. Nikasema ihamishwe, ikahamishwa. Mpaka leo mgonjwa akilala mle ndani anaona dari tulivu, na hiyo ni kazi ya mikono yangu.

Sasa huyo rubani wa muuzaji, ambaye wote walimwita Kapteni. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Hakuwa mtu wa soga. Aliizunguka ndege akiigusa gusa huku na kule, na nilimwonea huruma, maana na mimi nilikuwa nimetoka kuuza boti. Huruma hiyo ilikwisha mafunzo yalipoanza. Nilikuwa nikikaa ufukweni chini ya mwavuli, naona mtoto wangu anatua juu ya maji vizuri kabisa, anateleza, anageuka, halafu kwenye redio ya fundi nasikia sauti ya mzee, "Tena." Anaruka, anatua. "Tena." Hakuna vizuri, hakuna pole. Nilimwuliza siku moja kama neno lingine alilisahau nyumbani. Akanijibu kwa kunikaribisha chai.

Kwenye chai hiyo ndipo aliponieleza habari ya taa. Mbele ya rubani kuna taa za magurudumu, kila gurudumu na yake. Kijani maana yake gurudumu limetoka, tua nchi kavu. Bluu maana yake limeingia ndani, tua majini. Ukitua majini na gurudumu hata moja liko nje, maji yanalikamata, ndege inajikwaa, inapinduka miguu juu, na walio ndani wanabaki chini ya maji wamefungwa mikanda. Alinieleza hivyo bila kubadilisha sauti. Chai ile sikuimaliza.

Siku ya kurudi nyumbani, Mjomba alitangulia kwa basi ili aandae mapokezi. Nilimwambia asivume sana. Kumwambia Mjomba asivume ni kumwambia jogoo asiwike. Mimi nilipanda nyuma, nimefungwa mkanda, nimevaa vile vidude vya masikioni vya kusikilizia. Mbele kushoto yuko Kigoda, kulia Kapteni na mikono yake imekunjwa kifuani. Tulivuka milima, tukavuka mashamba, na mchana ziwa letu likatokea chini lote kwa pamoja. Nililia. Sioni haya kusema. Maji niliyoyakata kwa boti maisha yangu yote, sikuwa nimewahi kuyaona yalivyo mazuri.

Gati lilijaa watu. Wanafunzi na sare zao, wachuuzi, wasafiri, waliosema ndege ya mtumba haitafika nao walikuwa mstari wa mbele kabisa. Nilimwona Matroni kwa gauni lake jeupe. Nilimwona Mjomba na redio ya boti mkononi, anapunga utadhani anafukuza nyuki. Kichwa kilinivimba mpaka vile vya masikioni vikaanza kunibana.

Kigoda akasema kwa sauti, kama alivyofundishwa kusema kila mara, "Natua majini. Magurudumu ndani." Akatazama taa. Na mimi nikanyoosha shingo nikatazama.

Tatu zilikuwa bluu. Ya nne, ya gurudumu la nyuma kulia, ilikuwa imezimika.

Akaibonyeza kuijaribu, ikawaka. Akaiachia, ikazimika. Kwa hiyo taa yenyewe nzima. Akanyanyua pua ya ndege kidogo, akayatoa magurudumu yote, akayarudisha tena. Tatu bluu. Gurudumu lile ni la chini kabisa nyuma, huwezi kuliona ukiwa umekaa ndani hata uwe na shingo ya twiga.

"Ni waya," Kapteni akasema. "Waya wa gurudumu hilo unasumbua tangu zamani. Limo ndani. Tua."

Kigoda akazunguka, akapita chini chini mbele ya gati, na watu wakadhani ni salamu, wakashangilia. Akamwita mjomba wake kwenye redio.

"Mjomba, tazama chini ya mitumbwi. Kuna gurudumu lolote liko nje?"

"Naona ndege nzuri ajabu, mwanangu."

"Mjomba. Magurudumu."

"Sioni kitu. Yameingia. Nadhani."

"Unadhani au umeona?"

"Jua linanipiga machoni, mwanangu. Nadhani yameingia. Tua, watu wamechoka kusimama."

Hapo ndipo mdomo wangu, ambao haujawahi kuwa na kufuli, ukafunguka. Nilikuwa nawaona wale watu. Nilikuwa naona mikono yao, watoto wamebebwa mabegani. Na nilikuwa nimemtazama Kapteni, mwenye sahihi yetu, ambaye alikuwa ameshasema tua. Nikasema, "Kigoda. Gatini hapapitwi."

"Mama, nyamaza."

Hivyo tu. Hakugeuka. Ziwa lile zima, kutoka kisiwa cha kwanza mpaka cha mwisho, hakuna mtu aliyewahi kuniambia ninyamaze akabaki na kazi. Nikanyamaza.

Kapteni ndiye aliyegeuka, akamtazama.

"Binti, ndege hii naijua kuliko wewe. Nimesema limo ndani."

"Nimekusikia, Kapteni."

"Huniamini?"

"Nakuamini. Gurudumu silioni."

Akaikata kona, akaliacha gati, akaliacha ziwa, akaelekea uwanja wa changarawe ulio nyuma ya mji. Nikaona ile mikono kule chini inashuka mmoja mmoja. Na mimi moyo ukashuka nao, sisemi uongo. Nilijua Kapteni ni mtu aliyezoea kusikilizwa. Nilijua sahihi imekwenda na maji, na ndege yetu imeshakuwa banda la kuku. Nikatafuta hasira, maana hasira huwa ninayo karibu siku zote. Nikaikosa. Nilichokikuta ni ile shingo ya mtoto wangu, imenyooka, haitetemeki, na watu watatu wenye umri wa kumzaa wamemwambia tua kila mmoja kwa mdomo wake, na yeye bado anaendesha. Nikajisemea moyoni, huyu nimemzaa mimi. Nilijivuna kiasi kwamba nilisahau kuogopa.

Akayatoa magurudumu. Taa zote zikawaka kijani, hata ile ya nyuma kulia. Tukatua kwenye changarawe na vumbi letu, na waliotupokea walikuwa mlinzi wa uwanja na ng'ombe wake.

Kapteni alishuka, akalala chini kwenye vumbi na lile shati lake, akaingiza mkono chini ya mtumbwi wa kulia, akapapasa. Kigoda alichuchumaa pembeni. Mzee akatoa mkono, kashika ncha iliyoachia ya waya wa taa ya bluu.

"Waya," akasema.

"Waya," Kigoda akakubali. Hakuomba radhi, wala hakujitetea.

Wakati huo Mjomba akafika, amepakizwa kwenye pikipiki, jasho mpaka kiunoni. "Dada, watu wanasema ndege imeogopa maji kama paka. Matroni kaniuliza kuna nini. Kumetokea nini?" Akauona ule waya, akaelezwa. Akashika kiuno. "Kwa hiyo gurudumu lilikuwa ndani muda wote? Ametufedhehesha mbele ya mji mzima kwa sababu ya waya?"

"Funga bakuli lako," nikamwambia. "Uliulizwa magurudumu, ukajibu ndege nzuri. Wewe ukae kimya mpaka mwaka kesho. Na mimi nitakaa kimya na wewe, kwa sababu na mimi nilisema tua. Mwenye akili kati yetu alikuwa mmoja tu, na sisi wote tulikuwa tunampigia kelele."

Nilisema kwa nguvu ili Kapteni asikie. Alikuwa anaufunga waya, taratibu, anauzungushia utepe. Alipomaliza alijifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko uchafu wenyewe. Nikamsogelea. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba, na mimi kuomba si kazi ninayoiweza.

"Kapteni," nikasema, "huyu mtoto..."

Akainua mkono kunizuia. "Mama, waya huu umeniachia mara nyingi. Kila mara nilitua majini hivyo hivyo. Na kila mara ilikuwa ni waya." Akautazama mtumbwi, akaugonga kwa kidole. "Kila mara. Sasa hivi nilipokuwa nimelala pale chini, nilikuwa nawakumbuka abiria wangu wote."

Akatoa karatasi ya bima mfukoni, akaitandaza juu ya mtumbwi, akatia sahihi, akampa Mjomba. Mjomba aliishika kwa mikono miwili. Kigoda aligeuza uso kuelekea kwenye bawa, nikaona mabega yanacheza. Nikamwacha. Mtu mzima akilia kwa furaha unamwacha amalize.

"Twendeni," akasema baadaye, akijifuta kwa mkono wa ovaroli. "Matroni anasubiri." Akapanda mbele, kushoto.

Nikapanda nyuma, nikafunga mkanda. Nikangoja Kapteni aende kukaa pale mbele kwenye kiti chake. Hakwenda. Aliingia kwa mlango wa mizigo akiwa ameinama, vumbi limemtapakaa mgongoni, akakaa kiti cha pembeni yangu, akafunga mkanda, akanyoosha ile miguu yake mirefu.

"Kapteni," Kigoda akamwita bila kugeuka, "kiti chako hiki hapa."

"Mbele nimechoka. Endesha."

Tukaruka. Ziwa likatokea, kisha gati, na watu ambao hawakuwa wameondoka, wakainuka tena. Nilisikia sauti ya binti yangu kwenye masikio, inasema kama ilivyofundishwa, natua majini, magurudumu ndani. Nikanyoosha shingo, nikaona bluu zote nne. Nikageuka nimwonyeshe Kapteni.

Alikuwa amelala.